Sharti la Hifadhi Ndilo Litakaloinusuru Miti ya Busia

Katika vituo vya mpakani vya Busia na Malaba ni vigumu kitu kupita bila kuandikwa. Shehena za saruji, mafuta, mahindi na nguo hukaguliwa, hupimwa na kugongwa mhuri. Malori yaelekeayo Kampala, Kigali na mashariki mwa Kongo hupanga foleni ambayo nyakati nyingine hunyooka kwa kilomita nyingi. Tangu kituo cha pamoja cha Busia kilipozinduliwa rasmi mnamo Februari 2018, maafisa wa Kenya na wa Uganda hufanya kazi chini ya paa moja ili mali isikawie njiani. Hata hivyo, ipo mali moja ya eneo hili inayotoweka mchana kweupe wala hakuna afisa aliyepewa daftari la kuiandika. Mali hiyo ni miti iliyosalia juu ya vilima, kandokando ya mito na katika mashamba ya watu.

Ni jambo la kusikitisha kwamba kila mara tunapozungumzia misitu ya nchi hii, fikira zetu hukimbilia Mau, Aberdare, Kakamega na Mlima Elgon. Busia haitajwi. Kaunti hii haina msitu mkubwa wa kujivunia mbele ya wageni. Kilichopo ni vichaka juu ya vilima vya Samia na vya Teso, mafunjo na miti ya kinamasi cha Sio-Siteko, mivule michache iliyowahi kuwapa wazee kivuli cha mabaraza yao, na mistari ya miti iliyoachwa mipakani mwa mashamba. Kwa kuwa ni kidogo, hudhaniwa kuwa si kitu. Lakini mwenye kanzu moja ndiye anayepaswa kuitunza kuliko mwenye sanduku zima la kanzu.

Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 893,681 katika Kaunti ya Busia, katika eneo la takriban kilomita mraba 1,700. Maana yake ni kwamba kila kilomita mraba inabeba watu wapatao 527. Shamba ambalo babu alilima kwa upana leo limegawanywa kwa wana, na wana nao wamewagawia wajukuu. Anayerithi nusu ekari hana pa kuacha kichaka. Kwa miongo mingi wakulima wa Teso na majirani zao wa Malakisi walilima tumbaku, na tumbaku hiyo ilikaushwa kwa moto wa kuni. Baadaye yakaja matanuri ya matofali ya kujengea miji hii miwili inayokua, kisha makaa ya kupikia ndani ya nyumba hizo hizo. Hivyo basi, mti umeliwa na tumbaku, ukaliwa na tofali, na sasa unaliwa na sufuria.

Serikali haikukaa kimya. Mnamo Februari 2018 ilipiga marufuku ukataji wa miti katika misitu ya umma na ya jamii. Marufuku hiyo ilitangazwa kuwa ya siku 90, lakini iliongezwa muda mara kwa mara hadi Rais William Ruto alipotangaza mnamo Julai 2023 kuwa ameiondoa, tangazo lililozua kesi mahakamani. Mwezi Desemba 2022 serikali ilikuwa imezindua mpango wa kupanda miti bilioni 15 kufikia mwaka 2032. Haya yote ni mema kwa nia. Lakini mkazi wa Amukura, Funyula au Chakol ana haki ya kuuliza: marufuku ya kukata miti katika msitu wa umma yanihusu nini mimi ambaye miti yangu imo ndani ya shamba langu, lenye hati kwa jina langu?

Swali hilo ndilo kiini cha jambo hili. Sehemu kubwa ya miti ya Busia haimo mikononi mwa serikali. Imo mikononi mwa wananchi. Askari wa misitu hawezi kuilinda, na hata angeweza, haifai nchi huru kuweka askari katika kila boma. Upande wa pili, mkulima akiachiwa peke yake, siku mtoto atakapofukuzwa shule kwa kukosa karo, mvule wa miaka 60 utaangushwa asubuhi na kufikia jioni utakuwa mbao. Hakuna mtu mwenye akili timamu atakayemlaumu mzazi huyo. Lawama ni yetu sisi tunaotaka kivuli, mvua na maji safi ya mto, ilhali gharama yake tunamwachia yeye pekee.

Kati ya ubavu wa serikali na dhiki ya mkulima ipo njia ya tatu, nayo imo ndani ya sheria zetu tangu Bunge lilipopitisha Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya mwaka 1999. Kuanzia kifungu cha 112, sheria hiyo inaeleza jambo ambalo katika makala haya nitaliita sharti la hifadhi. Ni wachache vijijini waliolisikia, na hata wanasiasa wetu hawalitaji majukwaani, ingawa lilitungwa kwa ajili ya mahali kama hapa.

Ili tulielewe, natuanze na jambo linalojulikana na kila mtu. Katika vijiji vyetu kuna njia ya kwenda mtoni inayopita katika shamba la mtu. Shamba ni lake. Hulilima, huliuza na hulirithisha, lakini hawezi kuiziba njia ile. Akiliuza shamba, mnunuzi huinunua ardhi pamoja na njia iliyomo, wala hawezi kudai kuwa hakujua. Sheria inaitambua haki hiyo ya njia. Sasa badala ya njia, chukulia kwamba kinachobaki ndani ya shamba ni kichaka kilicho juu ya kilima, au ukanda wa miti kando ya mto. Mwenye shamba hubaki kuwa mwenyewe. Huvuna asali na kuokota kuni kavu, lakini hafyeki kichaka kile, na atakayemrithi au kulinunua shamba lake naye hatakifyeka. Wajibu huo huandikwa katika sajili ya ardhi na kuifuata ardhi, bila kujali imo mikononi mwa nani.

Sheria ya 1999 inakwenda mbali zaidi. Inasema kwamba sharti hilo laweza kuwekwa ili kuhifadhi mimea na wanyama, kulinda ubora na mtiririko wa maji ya mto, kulinda sura ya asili ya ardhi, kuzuia au kupunguza uchimbaji wa mawe, au kuhifadhi mahali penye thamani ya kihistoria. Laweza kuwa la milele au la miaka kadhaa. Si lazima pawepo jirani wa kunufaika kama ilivyo kwa haki ya njia. Mazingira yenyewe yatosha kuwa mnufaika. Mtu mmoja au kundi la watu laweza kwenda mahakamani kuliomba. Tena, na hapa ningemwomba msomaji atulie, kifungu cha 116 kinampa mwenye ardhi haki ya kudai fidia inayolingana na thamani ya matumizi aliyoyapoteza.

Majirani zetu wa ng'ambo walitutangulia katika jambo hili. Uganda iliweka masharti ya aina hii katika sheria yake ya mazingira ya mwaka 1995, miaka minne kabla yetu. Kwa hiyo kutoka Sio Port hadi Malaba, upande huu na upande ule wa mpaka, chombo ni kile kile, nacho kimelala kabatini pande zote mbili.

Kingetumiwa wapi? Mahali pa kwanza ni Kakapel, katika vilima vya Chelelemuk huko Teso Kaskazini. Chini ya mwamba wa pale kuna michoro ya kale, na mahali hapo palitangazwa kuwa turathi ya taifa. Mnamo 2024 wataalamu walichapisha matokeo ya uchimbaji uliofanyika pale, wakaeleza mabaki ya mazao ya kale, yakiwemo kunde za kiasi cha miaka 2,300 iliyopita, pamoja na wimbi na mtama. Maana yake ni kwamba ulaji wa mwananchi wa Teso wa leo una mizizi mirefu katika kilima kile. Mwamba wenyewe unalindwa na sheria za turathi. Lakini mwamba uliozungukwa na kilima kilichonyolewa utalindwaje na mmomonyoko? Sharti la hifadhi katika mashamba yanayouzunguka, kwa ridhaa na fidia ya wenyewe, lingekuwa nguo ya mwamba ule.

Mahali pa pili ni kingo za mito. Jiografia ya kaunti hii ni ya ajabu. Mto Sio unateremka hadi Ziwa Victoria, ilhali Mto Malaba, unaopita katika mji unaobeba jina lake, unaelekea Uganda na maji yake kuishia katika Ziwa Kyoga. Mito yote miwili katika baadhi ya sehemu ndiyo mpaka wenyewe wa nchi hizi mbili. Mkulima anapolima hadi ukingoni, udongo wake unaondoka Kenya bila pasipoti. Tangu miaka ya 2000, Mpango wa Bonde la Nile umekuwa na mradi wa kusimamia bonde la Sio, Malaba na Malakisi kwa ajili ya nchi zote mbili. Lakini mradi hauwezi kuushika mkono wa mkulima mmoja mmoja kama lifanyavyo sharti lililoandikwa katika ardhi yake na kulipiwa.

Mahali pa tatu ni vilima vya Samia. Vilima hivi vikibaki wazi, maji ya mvua hushuka kwa kasi yakiwa yamebeba udongo, na chemchemi zinazowategemeza akina mama hukauka mapema msimu wa kiangazi. Tayari sheria ile ile ya mazingira inaitaka kamati ya mazingira ya kila kaunti kuyatambua maeneo ya vilima yaliyo hatarini. Orodha hiyo ikishapatikana, ndiyo hasa ramani ya mahali pa kuanzia. Watu wa Bunyala hawahitaji kufundishwa somo hili. Mnamo Mei 2020 Mto Nzoia ulivunja kingo na kuwatoa makwao, na maji yale hayakutoka Bunyala. Yalitoka juu, katika ardhi za watu wengine. Anayefyeka juu hupata gunia la mahindi. Anayezama chini hupoteza nyumba. Sharti la hifadhi ni njia ya kuwafanya wawili hao wajuane mapema.

Sasa tuyatazame mashaka ya wananchi, kwa maana ni mashaka ya haki. La kwanza ni hofu ya kunyang'anywa ardhi. Mwananchi wa Kenya ameona ardhi yake ikichukuliwa na mkoloni, kisha akaona ardhi ya umma ikigawiwa wakubwa baada ya uhuru. Akija afisa na karatasi na kusema, "Shamba ni lako lakini hapa usiguse," atamwamini kwa sababu gani? Kwa hiyo ni sharti mambo haya yaanze kwa hiari. Serikali ya kaunti isianze kwa kumshtaki mtu mahakamani. Ianze kwa kutangaza kwamba yeyote mwenye kilima, chemchemi au ukingo wa mto na angependa kufanya mapatano aje, kisha maombi yapelekwe kwa pamoja mbele ya Mahakama ya Mazingira na Ardhi, ambayo ina makao yake Busia. Kwa watu wa kwanza, muda wa miaka 15 au 20 ungetosha. Mtu huiruhusu milele baada ya kuona kuwa miaka 20 haikumdhuru.

La pili ni suala la wanawake. Katika familia nyingi hati ya ardhi imo kwa jina la mume, hata akiwa marehemu, na urithi haujafunguliwa mahakamani. Anayelima, kuchota maji na kuokota kuni ni mjane. Mapatano yakitiwa saini na shemeji na fidia ikaingia mfukoni mwake, tutakuwa tumeuhifadhi msitu na kumwangamiza aliyekuwa akiutunza. Kwa sababu hiyo kaunti iwasaidie kwanza wajane kupata hati za urithi, na asilipwe mtu kabla ya wote wanaoitegemea ardhi ile kusikilizwa. Gharama ya mawakili na ya kupima ardhi isiwe juu ya mkulima.

La tatu ni fedha. Huko Marekani, ambako mapatano ya aina hii yameenea sana, mwenye ardhi mara nyingi hulipwa kwa kupunguziwa kodi ya mapato. Nafuu hiyo ni nzuri kwa tajiri; kwa mkulima wa nusu ekari wa Nambale haina maana. Yeye anataka shilingi. Hapa Kenya tunao mfano ulio karibu zaidi. Kuanzia mwaka 2000, wenye ardhi wa Kitengela, kusini mwa Mbuga ya Taifa ya Nairobi, walilipwa kiasi cha dola 4 kwa ekari kila mwaka ili wasiweke ua wala kuchimba mawe, na wanyama wapite. Ule ulikuwa mkataba wa kukodi tu, lakini malipo yalipangwa yalingane na msimu wa karo, jambo lililowafaa wazazi. Udhaifu wake ulikuwa kuwategemea wafadhili. Mfadhili ni mgeni. Hata akikaa kwa muda mrefu, siku moja hufunga mizigo.

Kwa hiyo kaunti ni lazima iwe na fungu lake. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imezikabidhi kaunti kazi ya kutekeleza sera za taifa kuhusu misitu na uhifadhi wa udongo na maji. Kazi bila fungu ni maneno matupu. Tangu 2021 upo mpango wa kitaifa, unaosaidiwa na Benki ya Dunia, wa kufadhili hatua za tabianchi mashinani kupitia kaunti. Sehemu ya fedha hizo yaweza kuwa mtaji wa kuanzia. Aidha, kaunti inayo mamlaka ya kutoza kodi za ardhi. Katika miji ya Busia na Malaba, ambako viwanja vya kuegeshea malori na nyumba za wageni vinazidi kumeza kila mti, mwenye kiwanja atakayekubali sharti la hifadhi angeweza kupunguziwa kodi hiyo. Tena, mapato yanayotokana na malori, kama vile ada za maegesho, yaweza kutengewa asilimia ndogo ya kufidia miti. Ni haki kwamba barabara inayokula miti ichangie kuilipa.

Wapo watakaosema kwamba tukiilinda miti ya Busia tutakata ya Uganda. Neno hili lina ukweli. Marufuku ya 2018 ilipoanza kuuma, magunia ya makaa yalizidi kuingia kupitia mipaka hii hii. Uganda nayo ikaona misitu yake ya kaskazini ikiteketea, na mnamo Mei 2023 Rais Yoweri Museveni akatoa amri ya kuzuia uchomaji wa makaa kwa biashara katika maeneo ya huko. Hatuwezi kuutunza uani wetu kwa kuufyeka wa jirani, hasa jirani ambaye ni ndugu yetu. Waiteso na Wasamia wako pande zote mbili. Mpaka ulichorwa na wengine. Basi kaunti ya Busia na wilaya za upande wa pili zikae pamoja na kuweka masharti yanayolingana katika kingo zote mbili za Sio na Malaba. Miti ya kuni ipandwe kwa wingi katika ardhi isiyo na sharti, ili watu wapate cha kupikia. Na miti hiyo isiwe mikaratusi kando ya mito, ambayo mwaka 2009 hayati John Michuki, akiwa Waziri wa Mazingira, aliagiza ing'olewe karibu na vyanzo vya maji.

Wazo hili si geni kwa mila zetu. Wamijikenda wa pwani walizilinda kaya zao kwa miiko ya wazee muda mrefu kabla hazijatangazwa kuwa turathi za taifa kuanzia 1992, na kuingizwa katika orodha ya turathi za dunia mwaka 2008. Miiko ile ilikuwa sharti la hifadhi lililoandikwa vifuani mwa watu. Miiko imedhoofika kwa sababu ardhi sasa ina hati, na mwenye hati hamwogopi mzee wa kijiji. Jawabu ni kuipeleka miiko mahali nguvu ilikohamia, yaani ndani ya hati yenyewe, pamoja na malipo ya haki.

Bunge la Kaunti ya Busia lina uwezo wa kuianza kazi hii katika mwaka mmoja wa bajeti. Litenge fungu dogo, lichague vilima viwili na ukingo wa mto mmoja, liwaite wenye mashamba, wazee na wajane, kisha liende nao mahakamani na katika afisi ya ardhi. Isajiliwe hata ekari 50 tu. Ekari hizo 50 zenye karatasi halali na malipo yaliyofika kwa wakati zitawafundisha wananchi zaidi ya hotuba za siku ya kupanda miti, siku ambayo mche hupigwa picha asubuhi na kuliwa na mbuzi kabla ya magharibi. Katika mpaka ambapo kila gunia lina stakabadhi yake, mti nao upewe ya kwake.